Sahani Iliyorudi Tupu

Koleo lilianguka kutoka juu ya nguzo ya simu likatua katikati ya kapu la Mueni, juu ya mayai. Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani, mwaka wa themanini na sita, na soko la Malindi lilikuwa limejaa watu wenye njaa na haraka. Mayai yalikuwa kumi na mawili. Yakabaki manne.

Mueni hakupiga kelele. Aliweka kapu chini, akajifunga leso yake nyekundu vizuri kiunoni, akainua uso. Juu kule, mtu mrefu mwenye suruali ya kaki na kofia ngumu ya manjano alikuwa amejifunga nguzoni kwa mkanda wa ngozi, anamtazama kwa hofu.

"Shuka," alisema Mueni.

"Nashuka, dada."

"Na usiniite dada kabla hujafika chini."

Alifika. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni na mikono ilimnuka grisi. "Pole sana. Nimeumiza mtu?"

"Umeua wanane."

Alichungulia kapuni. "Hawa wanne wamepona."

"Hao ni mayatima. Unajua haya yalikuwa ya nini? Mkate wa kumimina, wa mchele na nazi. Nusu ya mtaa wa Maweni wanafuturu kwa mkono wangu. Leo wakikosa, nitawaonyesha nguzo yako."

Jina lake Laban Thuku, mtu wa Nyeri, fundi wa nyaya za simu, miezi minne tu pwani. Alinunua mayai mengine, akayabeba mwenyewe mpaka Maweni, kapu amelikumbatia kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Wauza nazi walimcheka njia nzima. Hakujali. Alikuwa akitazama jinsi yule mwanamke anavyotembea mbele yake, hageuki, na hana shaka kwamba anafuatwa.

Mueni alikuwa na miaka thelathini na moja. Wazazi wake walikuja kutoka Machakos kutafuta kazi, yeye akazaliwa Malindi, na Ukambani aliujua kwa kuhadithiwa. Baba alikufa, kisha mama akaugua miaka mitatu akafa, ikabaki nyumba ndogo ya mabati yenye ua nyuma. Ukuta kwa ukuta aliishi Bi Batuli, mama wa Kiislamu kutoka Pate, ambaye ndiye aliyemfundisha kuoka. Mmoja Jumapili kanisani, mwingine swala tano, na jiko moja katikati ya ua.

"Moto wa chini ni wako, mwanangu," Bi Batuli alimwambia siku za mwanzo. "Unaupunguza, unauongeza. Huu wa juu, ukishatandaza makaa kwenye kifuniko, mwachie Mola. Ukifunuafunua kutazama, mkate wabonyea."

Mama yake alipokuwa akiugua, Mueni aliona heri kukaa mbele ya sufuria ile kuliko kukaa mbele ya daktari. Aliimba pambio mpaka nusu saa ipite, hakufunua. Mkate uliumuka hata siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa amebonyea. Ndiyo maana Mama Jedida wa kanisani alipomuuliza inakuwaje Mkristo mzima anafuturisha Waislamu, alimjibu, "Mama, Krismasi ulikula vipande vitatu. Uliuliza vimetoka jiko la dini gani?"

Basi Laban akawa mtu wa kupita Maweni kila jioni. Na mchana alipiga simu. Mueni hakuwa na simu, lakini ng'ambo ya njia kulikuwa na duka la Mahadhi, mzee wa maneno mengi, mwenye simu aliyoitia kufuli asipige mtu bure. Kupokea, kufuli halizuii.

"Mueni," aliita Mahadhi kila mara. "Yule ndege wako yuko juu ya mti tena."

Naye alivuka na unga wa mchele bado mikononi.

"Uko wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Nguzo ya tano baada ya daraja la Sabaki. Namuona kiboko."

"Mwamkie."

"Nimemwamkia, hajaitika. Mpenzi, leo umetia iliki?"

"Umepanda nguzo kuniuliza iliki?"

"Nimepanda nisikie sauti yako. Iliki ni kisingizio."

Mahadhi alijifanya anapanga sabuni.

Siku ya ishirini ya mfungo, Laban alichuchumaa uani akipepea makaa kwa kipande cha kadibodi. Bila kugeuza uso alisema, "Nikija na wazee wangu kwa watu wako, watanifukuza?"

"Watu wangu ni kaka mmoja, Phineas, yuko Mariakani. Na kabla ya yeye, kuna mimi."

"Basi nakuuliza wewe."

"Pepea. Nitakujibu kesho, kwa njia ya huku."

Njia ya huku ilikuwa hivi. Jirani hupelekewa kipande. Mkate mzima, usioguswa na kisu, ni wa mtu wa nyumbani. Kesho yake Mueni alitoa sahani ya mama yake, ya bati jeupe yenye mstari wa buluu, akaweka mkate mzima uliopanda kama mto wa kulalia, akafunika kitambaa cha kudarizi, akampelekea Laban mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Alivaa gauni la kijani la Pasaka. Hakusema zaidi ya, "Jibu langu hili. Nangoja lako."

Laban aliula wote siku ile ile, kwa chai.

Alfajiri mvua ikapiga. Nguzo zililala chini mpaka Gongoni, na mafundi wote wakaitwa kupanda gari. Laban alikuwa na dakika kumi. Aliikumbuka sahani. Aliisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa, akakikunja kitambaa vizuri, akamwachia Mahadhi dukani. Akaondoka amefurahi, mtu aliyekubaliwa.

Mueni alipoletewa alikuwa na Bi Batuli. Aliinua kitambaa. Hakukuwa na kitu. Alikikung'uta kitambaa chenyewe. Bi Batuli alitazama mara moja kisha akageukia mnazi.

Sahani ya jirani hairudi tupu. Hata nyumba ikiwa haina kitu, utatia ndimu mbili, utatia kijiko cha sukari. Tupu maana yake: tosha, usilete tena.

"Huenda hajui," alisema Bi Batuli.

"Bibi, kwao kikapu cha zawadi, kiondo, hakirudi kitupu. Aliniambia mwenyewe, hapo ulipokaa. Anajua." Mueni alitundika sahani kwenye msumari ukutani, akajifuta macho kwa kiwiko. "Haya. Mchele haujarowekwa."

Siku mbili baadaye simu ikalia.

"Mueni, ndege wako."

"Mwambie simu imekatika."

"Imekatikaje na mimi nimeishika?"

"Basi mwambie mimi ndiye nimekatika."

Mahadhi alirudi kwenye simu. "Fundi, huku kuna hitilafu. Si ya waya." Laban alipiga mara nne juma lile. Mueni hakuvuka njia.

Habari hufika Mariakani upesi kuliko basi. Phineas alikuja na koti lake la rangi ya kahawia, akakaa kwenye kiti cha marehemu mama kama aliyekirithi.

"Nasikia yule wa nguzo amekuacha."

"Habari za safari, kaka?"

"Mueni, mimi si adui yako. Nakuona hapa peke yako, umri unakwenda, unanuka moshi. Joram wa kule Mariakani ana malori matatu, mkewe alikufa, anataka mtu wa kutunza nyumba. Nimekubaliana naye. Na hapa nimepata mpangaji. Siku ya Idd, wakati lori lake linapumzika, nakuja nalo. Funga vitu."

"Siendi."

"Utakaa na nani?"

"Na jiko."

"Jiko si mume."

"Ndiyo. Jiko hunijibu."

Phineas alicheka, lakini aliondoka akirudia neno lake: siku ya Idd.

Huko Gongoni, kwenye chumvi na tope, Laban alikuwa amekonda. Alikaa nguzo moja na Kaingu, Mgiriama, fundi wa miaka mingi kuliko yeye kazini.

"Sijui nimemkosea nini," alisema. "Aliniletea mkate mzima. Nimemrudishia sahani safi mpaka unaweza kunyolea ndevu."

"Na ndani ulitia nini?"

"Nitie nini? Nimekwambia nimeisafisha."

Kaingu aliacha kukaza waya. "Laban. Tupu?"

"Safi."

"Tupu?"

"Kwetu ni kiondo ndicho hakirudi kitupu. Sahani si kiondo. Sahani unaosha."

"Mungu wangu. Mwanamke amekupa nyumba nzima, wewe umemwambia asante, sihitaji." Kaingu alifumba macho. "Na umeipeleka kwa Mahadhi. Kwa hiyo sasa anajua kila mtu mpaka Lamu."

Laban alishuka nguzo ile bila kumaliza kazi. Jioni akaazima sufuria. Mkate wa kwanza mbuzi aliunusa akaondoka. Wa pili uliwaka moto. Wa tatu ulifanana kidogo na mkate, ukiutazama kwa mbali, na kesho yake ilikuwa Idd.

Siku ya Idd Maweni ilinukia udi na pilau. Watoto walikuwa na viatu vipya na kanzu zilizosimama kwa wanga. Mueni aliamka mapema, akavaa leso mpya yenye maandishi MOTO WANGU NAUJUA, akatia mkate jikoni, akatandaza makaa juu ya kifuniko. Lori likafika na kusimama mbele ya duka la Mahadhi, likiziba njia yote.

Phineas aliingia uani. Hakuna kilichofungwa. Kitanda mahali pake, kabati mahali pake.

"Mueni."

"Idd njema. Kaa."

"Simama tupakie."

"Nina moto juu ya mkate. Hauachwi."

"Kwa muda gani?"

"Nusu saa."

Basi aliyekuja na lori la tani saba akakaa kwenye kigoda kungoja mkate, maana hata yeye alikulia ua huo pamoja na Mueni, na alijua mkate ukifunuliwa kabla ya wakati hubonyea. Bi Batuli alikuja na sahani ya halua, akaketi pia.

Hapo ndipo Laban aliposukuma mlango wa ua. Suruali yake ilikuwa na chumvi nyeupe mpaka magotini. Mikononi alishika sufuria iliyofungwa kwa taulo.

"Shikamoo Bi Batuli. Hamjambo. Mueni, tafadhali..."

"Ngoja," alisema Mueni. Alisimama. "Hiyo sufuria usiifungue bado. Nataka kusema kwanza, nisije nikaonekana nimezuiwa na mwanamume." Akamgeukia kaka yake. "Phineas, siendi Mariakani. Huyu asingekuja, nisingekwenda. Akitoka sasa hivi kwa mlango huo, siendi. Nyumba hii mama aliniachia nimfumbe macho ndani yake, na nilimfumba. Wewe ulikuja siku ya tatu, tumeshazika. Mpangaji wako mtafutie kwingine. Joram mpelekee mpishi. Hapa nimechekwa, nimelia, nimeomba, na mkate umeumuka siku zote hizo. Ukitaka nitoke, nibebe, halafu mtu mwingine aje akuombee radhi kwa majirani."

Phineas alitazama mikono yake. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yale ya siku ya tatu," alisema polepole, "umekaa nayo muda mrefu."

"Miaka sita."

Aliitikia kwa kichwa.

"Sasa fungua," Mueni akamwambia Laban.

"Niazime sahani yako kwanza. Ile."

Mueni aliitazama ukutani, akamtazama Laban. Kisha akaitungua. Laban alipindua sufuria, akapiga tako lake mara mbili, ya tatu kikadondoka kitu cheusi juu, chembamba, kilichotoa mlio kwenye bati.

Bi Batuli alisema, "Subhanallah."

"Nimeoka mwenyewe," alisema Laban. "Sikujua habari ya sahani, Mueni. Nilidhani ni kiondo tu. Niliirudisha tupu kwa ujinga, si kwa moyo. Ile ya kwanza naomba isihesabiwe. Jibu langu ndilo hili."

Mueni alikwangua masizi kwa ukucha, akavunja kipande, akatafuna. Alitafuna muda mrefu.

"Hamira umetia?"

"Hamira ni ipi kati ya zile?"

"Na hii sukari?"

"Tulikuwa Gongoni. Giza lilikuwa linaingia. Vyote ni vyeupe."

Mueni alimeza. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Laban alidhani analia, mpaka akamsikia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Batuli akafuata, halafu Phineas, ambaye hakutaka.

"Umefunua mara ngapi, Laban?"

"Kila dakika. Niliogopa."

"Utajifunza kungoja."

"Nifundishe. Nioe... yaani, nikuoe. Nifundishe nikiwa nimekuoa."

Mueni alifuta machozi kwa leso yake. "Hii sahani nikikurudishia, itabidi nitie kitu. Nawe utie. Na upishi wako ndio huu. Nitakufa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hairudi tena kwako. Watu wa nyumba moja hawarudishiani sahani." Akaiweka mezani, na mkate wa chumvi juu yake, mbele ya wote.

Nusu saa ikawa imetimia. Mueni alishusha makaa, akafunua. Mkate ulikuwa umepanda mpaka ukingoni, una rangi ya asali. Alikata kipande kikubwa, akakiweka kwenye sahani nyingine, akakifunika, akampa kaka yake cha njiani. Phineas alikipokea kwa mikono miwili, akatoka hadi kwenye lori tupu la Joram. Alikuwa amekwisha kupanda Laban alipomfuata mbio.

"Shemeji. Hiyo sahani."

"Ina nini?"

"Hairudi tupu."

Phineas aliiweka kitini kando yake, akawasha lori. "Nitaileta mwenyewe," alisema. "Nitajieni siku ya harusi, nije na mbuzi."