Picha ya Kwanza ya Waridi

Mtu mwenye shati la kitenge aliruka meza ya nyanya, akaanguka, akainuka na kisu mkononi.

Anastazia Chilewa hakupunguza mwendo.

Aliikwepa ncha, akaudaka mkono, akaupinda mpaka kiwiko kikalia. Kisu kilidondoka kwenye fungu la dagaa. Goti la kwanza lilimpata jamaa tumboni, la pili puani. Asubuhi hiyo ya Novemba 2001 soko la Majengo lilikuwa limejaa wageni wa Bunge waliokuja kununua matunda, na wote sasa walikuwa wanatafuta pa kukimbilia.

"Baruti inashushwa wapi?" Anastazia aliuliza.

Jamaa alitema jino. "Wanafuata picha," alisema.

Hakumaliza. Risasi ilitoka kwenye dirisha la Land Cruiser nyeupe iliyokuwa ng'ambo ya barabara, ikampata shingoni. Gari liliondoka kwa kasi, nyuma likaacha vumbi jekundu na mama mmoja anayelia.

Anastazia alimpekua maiti. Hakuwa na kitambulisho. Alikuwa na karatasi moja tu, ukurasa wa tovuti uliochapwa kwenye kompyuta. Juu kabisa palikuwa na picha ya bwawa la Mtera. Chini yake palikuwa na mwanamke wa makamo aliyevaa ushungi, amesimama karibu na chupa, na maneno haya: *Waridi wa Dodoma, mvinyo bora kuliko wote.*

Alitoa Nokia yake.

"Nyigu hapa, mkuu. Tarishi ameuawa. Ana ukurasa wa tovuti. Jina ni Waridi."

Upande wa pili, Dar es Salaam, Bwana Sila alikohoa. Alikuwa mkuu wake kwa miaka sita na hajawahi kumwambia asante.

"Jina hilo tunalo," alisema. "Baruti imetoka ng'ambo, imelala Singida. Mnunuzi ni mzungu anaitwa Lasker, naye yuko hapo Dodoma. Vibali vyote vya mzigo vina jina la Waridi Abdulswamadu. Huyo mwanamke ndiye kichwa cha nyoka."

"Amri?"

"Kikate."

Simu ilikatwa.

*

Duka la Waridi lilikuwa nyuma ya soko, jembamba, linanukia karanga zilizokaangwa. Anastazia aliingia na kamera ya Sony Mavica shingoni, ile inayohifadhi picha kwenye flopi. Kwenye mkoba, chini ya taulo, palikuwa na bastola aina ya Browning. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetangulia ndani ya mkoba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimetumwa na watu wa tovuti. Nije nikupige picha."

Uso wa Waridi ulichanua. "Alhamdulillahi! Na Msafiri ananiambia bado, bado, kila siku bado! Hebu ngoja nijitengeneze."

Hakujitengeneza yeye. Alitengeneza zabibu. Alizimwaga zabibu kavu kwenye ungo, akazisawazisha, hakuridhika, akazisukuma upande wenye mwanga, akachagua moja iliyosinyaa vibaya akaitia mdomoni. Anastazia alisubiri. Amewahi kusubiri kuua watu wa kila namna, lakini si mmoja aliyekuwa na furaha kiasi kile.

"Mimi mpango wangu nilimpa Msafiri tangu mwanzo," Waridi alisema. "Ukurasa wa kwanza, zabibu. Asiniwekee twiga, asiniwekee mlima. Mtu akifungua aone ninachouza. Wa pili, karanga na bei zake. Wa tatu, namna ya kunipata. Basi. Tangu waseme biashara huria, maduka yamejaa zabibu za Dubai kwenye maboksi yanayong'aa, na vijana wananiambia, Bi Waridi, zako hazina sura. Sura! Zabibu inaliwa sura? Nikasema haya, nitazitafutia wateja huko huko Dubai. Nikishindwa kwenye websaiti, nafunga duka. Sina kingine, mwanangu."

Anastazia alibonyeza kwa mkono wa kushoto. Kamera iliguguna, picha ikaingia kwenye flopi.

Anastazia aliuweka ule ukurasa juu ya mizani. Kidole kiligusa kitufe cha usalama cha Browning, kikakisukuma.

"Na hii je, mama?"

Waridi alivaa miwani. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Huyu si mimi? Hii picha yangu ya Idi, nilimpa Msafiri."

"Ni wewe."

"Na hii chupa?"

"Mvinyo."

Mwanamke alikaa kwenye gunia. "Mimi," alisema, "binti Abdulswamadu? Babu yangu amejenga msikiti wa mtaa huu. Watoto wa madrasa wananiita bibi. Mimi niuze pombe?" Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. "Aliyeniweka hapa amenizika mzima."

Hapo ndipo Anastazia alipoelewa. Hakuna mtu wa Dodoma, hata mwizi, ambaye angempa mwanamke huyu chupa. Kazi hii ilikuwa ya mgeni. Lasker aliona zabibu, akaona Dodoma, akajumlisha, akapata mvinyo. Msafiri akabandika alicholipwa kubandika. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na huu ulibaki kidogo umnase mama wa watu, tena kwa mkono wa serikali.

Alitoa mkono mkobani, mtupu.

"Nani anashika neno la siri la tovuti hii?"

"Msafiri."

Waridi alisimama. Aliliondoa jiwe la kilo mbili kwenye mizani, akalitia kwenye pochi yake, akajifunga mtandio kiunoni.

"Twende kwa Msafiri," alisema.

*

Intaneti kafe ya Msafiri ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta tatu za Compaq na feni moja. Msafiri mwenyewe, kijana mnene mwenye mkufu, alimwona Waridi mlangoni akakimbilia mlango wa uani.

Anastazia alimtangulia. Mlango ulifungwa vidole vya Msafiri vikiwa bado kwenye fremu.

Alipiga yowe. Waridi alivua kiatu akampiga nacho mdomoni, mara moja, kwa nguvu zote.

"Mvinyo, Msafiri? Mvinyo!"

"Bi Waridi, nisamehe! Mzungu ndiye aliyetaka! Nilimwambia..."

"Ulimwambia nini? Ulimwambia unanijua?"

Anastazia alisukuma mlango kidogo tena. "Wanafuata picha. Maana yake nini?"

Msafiri alieleza yote, kamasi zikimtoka. Lasker hakuamini simu, simu zinasikilizwa. Alitaka tovuti ya biashara ndogo ambayo hakuna atakayeitilia shaka. Picha ya kwanza ndiyo iliyosema mahali. Ikiwa bwawa, lori lipeleke mzigo Mtera. Ikiwa zabibu, shamba la zabibu lenye ghala bovu, Chamwino. Dereva wa lori alikuwa Singida, na saa tano kamili angeingia kafe ya huko, atazame, aondoke.

"Mtera wanafanya nini?"

"Wanalipua ukuta. Nchi ikikosa umeme, Lasker ana majenereta ya kuiuzia serikali. Yako kwenye meli tayari."

"Na watu wanaokaa chini ya bwawa?" Waridi aliuliza.

Msafiri alitazama sakafu.

Saa ya ukutani ilikuwa imekwishapita saa nne na nusu. Anastazia alitoa redio ya Motorola, akaita kituo chao cha Dodoma.

"Mzinga, Mzinga, hapa Nyigu. Mna askari Mtera?"

"Nyigu, hatuna. Kikosi cha FFU kiko Chamwino, mazoezini. Magari yao yanarudi kesho, Mtera hawafiki leo."

"Mnalijua lori lenyewe?"

"Hatulijui. Barabara ya Singida ina malori mia."

"Basi FFU wazingire shamba la zabibu lenye ghala bovu, hapo hapo Chamwino. Wajifiche. Mzigo unakuja kwao."

"Nani kasema unakuja kwao?"

"Mimi. Nauleta."

Alimkalisha Msafiri kwenye kiti, akaitumbukiza flopi kwenye Compaq. "Ondoa bwawa, na chupa na maneno yake. Weka zabibu za mama."

Modemu ililia, ikakoroma, ikakubali. Msafiri aliandika neno la siri kwa mkono mmoja, wa pili ukivuja damu kwenye paja. Mstari mdogo wa bluu ulianza kutambaa kwenye kioo. Mtandao wa Dodoma wa wakati ule haukuwa na haraka na mtu, hata wewe uwe nani.

Robo.

Waridi aliuinamia mstari ule na kuanza kuomba dua kimoyomoyo.

Karibu nusu.

Nje, breki zilipiga mluzi. Land Cruiser nyeupe, ile ya sokoni.

"Lala chini!" Anastazia alipiga kelele.

Kioo cha mbele kilimwagika chote kwa mkupuo mmoja wa AK-47. Msafiri alipigwa kifuani mara tatu, akabaki ameketi kichwa kimelala kwenye kibodi. Kompyuta mbili za pembeni zililipuka cheche. Anastazia aliipindua meza tupu, akajitupa nyuma yake, akaona buti zinaingia. Alifyatua kwenye goti. Mwenye AK alipiga magoti, na risasi ya pili ikamkuta jichoni.

Feni ilisimama. Umeme umekatika.

Compaq ya Msafiri haikuzima. Chini yake betri ya akiba ilianza kupiga kengele, ti, ti, ti, na mstari wa bluu uliendelea kutambaa juu ya damu.

"Unafanya nini na ukurasa wangu?"

Kiswahili cha mzungu mlangoni kilikuwa kizuri, cha mtu aliyekaa nchini miaka. Lasker alikuwa mrefu, amevaa kaunda suti safi, na bastola ya Glock ilikuwa mkononi. Alifyatua. Risasi ilimchana Anastazia bega. Alijibu, Browning ikasema tiki. Risasi ilikuwa imekwama.

Alimrushia bastola usoni, akajirusha juu yake. Walianguka pamoja juu ya vioo. Glock iliteleza chini ya rafu. Anastazia alimpiga kiwiko cha koo, akamng'ata sikio, akapigwa ngumi ya bega lenye jeraha hadi chumba kikamzunguka. Lasker alikuwa na uzito wa ng'ombe. Mikono yake ilimfunga shingo, na huku anamkaba, aliunyoosha mguu kuelekea ukutani, kwenye waya wa simu. Waya ule ukichomoka, picha inakufa.

Buti liligusa waya.

Anastazia hakuweza kupumua. Aliona miguu ya Waridi, kisha akaona uso wake. Mama alikuwa amesimama juu yao, ushungi umemvuka, jiwe la mizani ameliinua kwa mikono miwili.

Lilitua juu ya sikio la Lasker. Mfupa ulilia.

"Hilo la bwawa," Waridi alisema, akihema.

Aliliinua tena.

"Na hili la mvinyo."

Mikono ililegea. Lasker alilala kifudifudi kwenye vioo, na hakuinuka tena katika dunia hii.

Betri ilipiga kengele ndefu ya mwisho. Anastazia alitambaa hadi kwenye kioo cha kompyuta, akausukuma mkono wa maiti ya Msafiri pembeni, akapangusa damu kwa kiganja. Bwawa lilikuwa limeondoka, na chupa pamoja nalo. Mahali pake palikuwa na ungo wa zabibu, zimesawazishwa, upande wenye mwanga.

Kompyuta ikazima.

Saa tano ilikuwa bado dakika chache.

*

Jua lilikuwa linaelekea Singida wakati Motorola ilipozungumza tena. Anastazia alikuwa dukani kwa Waridi, bega limefungwa kwa kanga.

"Nyigu, hapa Mzinga. Lori limeingia shambani lenyewe. Wamefyatua, tumefyatua. Wanne wao wamekufa, wawili tunao. Baruti iko chini ya magunia ya mahindi. Yote."

"Sawa, Mzinga."

Waridi alikuwa akiliosha jiwe la mizani kwenye beseni, kwa sabuni, mara ya tatu. Anastazia aliona aibu kumtazama, na akaamua kusema.

"Mama. Asubuhi nilikuja kukuua."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Mteja yeyote akiingia humu, kabla salamu haijaisha, ameshachukua punje ya zabibu ameonja. Hata askari wa manispaa. Wewe mkono wako haukutoka mkobani." Alilirudisha jiwe kwenye mizani. "Nikasema huyu hakuja kununua. Nikasema basi, akinipiga, anikute zabibu zangu zimepangika."

Anastazia aliufunga mkoba.

Nokia ililia.

"Nyigu," alisema Sila. "Nimepata ripoti ya Chamwino. Amri yangu ilitekelezwa?"

"Ulisema nikate kichwa cha nyoka, mkuu. Kimekatwa. Kilikuwa cha Lasker."

Asante haikuja.

"Na mwanamke?"

"Anauza karanga."

"Hm. Sasa ifute hiyo tovuti. Leo leo. Sitaki alama."

Waridi alikuwa amesikia. Alishika tu ukingo wa ungo kwa mikono miwili.

"Mkuu?" alisema Anastazia. "Sikusikii. Laini mbaya."

"Nimesema ifute..."

"Laini mbaya sana, mkuu."

Akaizima simu, akaitoa betri, akavitia vyote mfukoni. Alining'iniza Mavica kwenye bega zima. Mlangoni alirudi hatua moja, akanyoosha mkono kwenye ungo, akachukua punje moja ya zabibu.

Alitafuna bila haraka.

"Tamu?" Waridi aliuliza.

"Tamu, mama."

Akashika njia ya stesheni, mkono mtupu nje ya mkoba.