Umefunga, Zuleha?

Likizo ile iliangukia Ramadhani. Kila alfajiri Zuleha alikula daku huku macho yakijifumba, na kulipokucha alibeba mfuko wa vifaa na kumfuata baba yake, fundi Nurudini, hadi mjini Kasulu. Wenzake walikuwa wanalala mpaka jua litoke. Yeye, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amechoka hasa.

Walikuwa wanamjengea Mama Esteri, muuza maandazi, chumba cha juu cha kuishi na wanawe. Chini palikuwa na duka la tofali. Juu ya duka zililazwa boriti za chuma, na juu ya boriti zikasimamishwa kuta za mbao. Msumari hauingii kwenye chuma, kwa hiyo kila ukuta ulitakiwa kufungwa kwa bolti zinazopenya ubao wa chini na boriti yenyewe.

"Upepo wa kiangazi hausukumi kidogo," baba alimweleza. "Bila bolti ukuta umesimama tu, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kukaa."

Ukabaki ukuta wa upande wa barabara. Baba alipokwenda kuswali adhuhuri, alimwachia Zuleha drili ya mkono. Zuleha akazungusha, akatia mafuta, akazungusha tena. Chuma kikachubuka tu. Koo lilikuwa limekauka kwa kiu. Mwishowe akachukua bolti fupi, akazitumbukiza kwenye matundu ya ubao, zikaishia humo humo bila kufika kwenye chuma. Kwa juu vichwa vilionekana safi kabisa.

Baba aliporudi aliuliza, "Umefunga?"

"Nimefunga, baba."

Na kweli alikuwa amefunga, hata maji hakuyagusa. Baba akaridhika. Zuleha akajiambia kuwa hajasema uongo, lakini moyo haukutulia.

Kesho yake Mama Esteri alipanda kuona chumba chake, amemshika mkono mwanawe mdogo, Moses.

"Mwakeye, fundi," alisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Leo naondoa magongo haya, kisha tupaue."

Magongo hayo ndiyo yaliyoegemeza kuta zisianguke. Moses akaenda kuketi, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa barabarani. Baba akainua nyundo.

"Baba, usiligonge hilo gongo," Zuleha alisema. "Huo ukuta sijaufunga."

"Si jana ulisema umefunga?"

"Nilisema saumu, baba."

Mama Esteri akamvuta mwanawe upesi. Baba akainama, akausukuma ubao wa chini kwa kiganja. Ukateleza juu ya chuma bila ubishi. Alikaa kitako palepale, akajifuta uso. Zuleha alitamani agombezwe tu.

"Mama, utuwie radhi," baba alisema hatimaye. "Leo hatupaui."

"Mtoto kasema mapema, fundi," Mama Esteri alijibu taratibu. "Mshukuru Mungu."

Aliposhuka na Moses, baba akamgeukia binti yake.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Mimi mwenyewe nimechoka. Ungesema, tungepokezana. Lakini neno la kweli ukilisema ili mtu aelewe uongo, huo ni uongo. Jana tumbo lako lilifunga, ulimi ukala mchana."

Zuleha akalia kimya kimya. Baba akang'oa zile bolti fupi, akamkabidhi drili, naye akashika chupa ya mafuta.

"Haya, zungusha. Ukichoka, sema."