Nyasi za Bustani ya Mwanahawa

Mwanahawa alikuwa na kibuyu kidogo cha mbegu. Kila asubuhi alikitikisa, akasikia mbegu zinachakacha, moyo ukatulia. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita Rufiji, na moto wa askari ulikuwa umeteketeza ghala lake lote. Alibakiwa na kibuyu hicho, mumewe Mrisho, na binti yao Tatu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Alhamdulillahi, wengine hata hayo hawakuwa nayo.

Nusu ya mbegu aliipanda karibu na mto: bamia, mchicha na matango. Miche ikaota vizuri. Kisha likaja jua la kaskazi, jua lisilo na haya hata kidogo. Mchana udongo uliunguza nyayo, miche ikalala chini. Mwanahawa alikwenda mtoni mchana huohuo, akateka maji kwa kata ya mpini mrefu, huku akijihadhari na mamba. Alimwagilia, na kabla ya jioni udongo ulikuwa umekauka tena na kupasuka.

Bustani yenyewe ilikuwa safi kama ua uliofagiwa. Hiyo ilikuwa kazi ya Mrisho. Alimpenda sana mkewe, lakini jani likianguka kitaluni, keshaliokota.

Siku moja alipita Semeni, binti wa mjomba wake Mrisho, mwanamke wa maneno mengi na mikono hodari. Aliuliza kama hapo pamefagiliwa harusi. Kisha akainama, akagusa udongo, utani ukamwisha.

"Wifi, udongo huu uko uchi," alisema. "Uvishe nguo."

Alimweleza kwamba nyasi kavu, zisizo na mbegu, zikitandazwa juu ya udongo, jua haliufikii na unyevu haukimbii. Zisiguse mashina, yasije yakaoza. Miche michanga ijengewe kichanja cha makuti, kiikinge na jua kali la mchana. Na maji yamwagwe alfajiri au jua likizama, taratibu, penye shina, maana yakimwagwa mchana mengi huliwa na jua.

Wawili hao wakakata nyasi, wakatandaza nusu ya bustani. Semeni akaenda zake.

Mrisho alirudi kutoka porini na viazi vya mwitu. Alipoona nyasi alitupa mzigo, akaanza kuzizoa kwa mikono miwili, mbiombio, hata miche mingine ikang'oka.

"Baba Tatu, unataka mwanao ale nini?" Mwanahawa aliuliza kwa hasira.

Mrisho alikuwa anahema. "Nyasi shambani ni fimbo," alisema.

Hapo Mwanahawa akaelewa. Kabla ya vita, Mrisho alilimishwa pamba ya serikali kwa nguvu. Aliyekutwa na nyasi kwenye sehemu yake alichapwa, na alama zilikuwa bado mgongoni mwake. Hasira ikamtoka, akamwonea huruma mpaka machozi. Akamshika mkono, akauingiza chini ya nyasi zilizobaki. Kisha akauweka palipo wazi.

"Huku baridi, huku moto," alisema. "Hii si pamba ya mtu, mume wangu. Hii ni mboga yetu."

Mrisho akaurudisha mkono penye baridi, akauacha hapo kitambo. Kisha akaanza kurudisha nyasi, konzi kwa konzi, huku akitazama njiani. Hakuja mtu.

Kichanja alikijenga mwenyewe. Semeni akamtania kwamba bamia zimepata nyumba nzuri kuliko mkewe. Mwanahawa sasa alikwenda mtoni mara chache, alfajiri na jioni, na udongo ulikuwa na unyevu hata adhuhuri. Matango mengine yalikufa, yalikuwa yamekwisha kuungua. Lakini mchicha ulistawi, na Tatu alikula mpaka mashavu yakarudi. Miche ilipopata nguvu, walipunguza makuti kidogo kidogo.

Bamia nyingine waliziacha zikomae na kukauka kwenye mti kwa ajili ya mbegu. Semeni alipewa fungu lake kwanza. Mbegu zilizobaki Mrisho alizishindilia ndani ya kibuyu, akakitikisa sikioni pa mkewe.

"Mbona sisikii kitu?" aliuliza Mwanahawa.

"Kimejaa," alisema Mrisho.