Aliyeitikia Jina la Asenath

Patrobas aliita akiwa bado nje, anakung'uta vumbi la kiwandani kwenye viatu. "Kageha!" Sauti ya mkewe ikaitikia kutoka chumba cha kulala, "Niko huku!" Akaingia, akaketi, akaomba maji ya kunywa. Kimya. Akaomba tena, safari hii kwa ile sauti ya mume aliyechoka anayetaka ijulikane kwamba amechoka. Ndipo Kageha alipotokea, lakini si chumbani. Alitokea nyuma yake, mlangoni, akirudi bombani, mtungi wa maji kichwani, jasho likimtiririka.

"Unaongea na nani, Baba Triza?"

"Si wewe umeniitikia sasa hivi?"

"Nikuitikie kutoka bombani? Nimekuwa king'ora?" Akacheka, na Patrobas naye akacheka, ingawa alisimama akachungulia chumbani. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa mchana wa Jumapili, jua linawaka, jirani amefungulia mahubiri ya redio hadi mwisho. Nani huogopa jini saa kama hiyo? Wakala viazi vyao wakalisahau jambo lenyewe.

Usiwacheke. Mtu aliyeteseka kupata nyumba haikimbii kwa sababu ya sauti moja. Na hawa waliteseka jamani!

Walitoka Kware, chumba cha chini kabisa, katika ghorofa lililobanana na jingine hadi ukinyoosha mkono dirishani unamshika jirani pua. Taa iliwaka mchana kutwa na ukuta ulitoa maji. Binti yao, Triza, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia, alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Daktari wa kliniki alimwambia Kageha kwa upole, "Mama, dawa nitakupa, lakini mtoto huyu anataka hewa na jua. Hameni." Hameni! Alisema kama mtu anayekwambia ubadilishe leso.

Kageha akatafuta. Alizunguka Kayole mtoto mgongoni, akazunguka Umoja, akapanda ngazi hadi magoti yakalia. Vyumba vyenye jua vilikuwa vya watu wenye mishahara. Vile walivyoviweza vilikuwa na giza lile lile la Kware, ila keateka, yule msimamizi wa jengo, ndiye tofauti. Nairobi kuna wanawake wanaomwomba Mungu mume, na wengine wanamwomba gari. Kageha alimwomba dirisha.

Dirisha likaja kwa mkono wa Kiarie, fundi wa akala, vile viatu vya matairi, pale soko la Kariokor. Kiarie alikuwa na ufunguo wa nyumba ya kaunti, zile kuukuu za chini zenye kodi ya huruma, madirisha pande mbili na uwanja wa kuanikia nguo. Nyumba ilikuwa ya shangazi yake, Asenath Wakiuru, mjane aliyefia humo ndani na kuzikwa kwao Murang'a. Lakini Kiarie hakuwahi kuripoti kifo hicho. Angesema shangazi amekufa, nyumba ingerudi kwa kaunti. Kwa hiyo Asenath alizikwa na ndugu zake wakamlilia, ila kwenye hesabu za jiji akabaki mzima, mpangaji mwema.

"Karani mpya anapita kuhakikisha nani yuko ndani," Kiarie aliwaeleza. "Akiita Asenath, wewe Mama Triza itikia. Mzee asionekane, shangazi hakuwa na mume. Msiogope, nusu ya mtaa huu wanaitikia majina ya watu waliolala."

"Na akinisemesha Kikuyu? Mimi Mmaragoli."

"Kohoa. Sema una koo."

Basi wakahamia kwa mkokoteni, na haikupita wiki karani akaja, kijana wa miwani, mpole, beji shingoni. Akasimama mlangoni akaita, "Asenath Wakiuru?" Kageha, Triza kiunoni, akajibu, "Ndiye mimi." Rahisi hivyo. Karani akamwambia atarudi mwisho wa mwezi kuhakikisha tena, na kwamba wapangaji watakaopatikana ndani ndio watakaotangulia kufikiriwa ghorofa mpya za bei nafuu zikijengwa. Alipoondoka Kageha alipiga magoti akamshukuru Mungu wake. Wakati anainuka alisikia harufu ya udongo mbichi uliochanganyika na dawa ya kuchua maungo, akadhani ni mfereji wa nje.

Na Triza akapona! Hilo ndilo lililowafunga. Alilala kwenye jua la dirishani na kikohozi kikamwacha taratibu. Akanenepa, akaanza kukimbiza kuku wa jirani. Ukimwona mtoto wako anapumua bila kuhangaika, utaivumilia harufu ya udongo.

Baada ya Jumapili ile, Kageha alimpigia simu mama yake kule Vihiga kumjulia hali.

"Tena?" mama akashangaa. "Si tumeongea asubuhi hii, ukanisimulia habari za Triza na kuku?"

"Mama, leo sijakupigia."

Sauti ya mama ikashuka. "Wewe unayesema ni nani? Sauti hii si ya Kageha. Kageha wangu nimeongea naye asubuhi." Na simu ikakatwa. Kageha akapiga tena na tena, haikupokewa.

Kutoka hapo mambo hayakujificha. Jirani akiita uwanjani, "Kageha, nguo zako zitanyeshewa!" jibu lilitoka ndani kabla Kageha hajafungua mdomo. Patrobas akinong'ona jina lake alfajiri, kabla ya kwenda kibaruani, lilijibiwa kutoka jikoni, na Kageha amelala ubavuni pake macho wazi, mkono wake kinywani asipige kelele.

Alasiri moja mvua ilishuka. Triza alikuwa amelala sebuleni, Patrobas hajarudi. Kageha alisimama katikati ya nyumba, akaona ni heri ajue, maana hofu ya kutojua ilikuwa imemla hadi mifupa. Akaita mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Kageha?"

"Niko huku," chumba kikajibu.

Akasogea, mguu mmoja, kisha mwingine, mvua ikipiga mabati na ile harufu ya udongo na dawa ya kuchua ikimjaa puani hadi akaionja ulimini, akausukuma mlango wa chumba kwa ncha za vidole na kuona kitanda alichokitandika asubuhi kimebonyea katikati kama kuna mtu ameketi, na alipokigusa kilikuwa na joto, joto la mwili, na kutoka kwenye lile joto, karibu kabisa na shavu lake, sauti yake mwenyewe, ile anayoitumia kumbembeleza mtoto, ikamuuliza bila hasira, "Na wewe ni nani unayeniita, mama?"

Alimnyakua Triza akatoka kwenye mvua bila viatu.

Aliyemfungulia ni Idil, jirani Msomali aliyeuza vitambaa mlangoni pake na kuwasomea wagonjwa dua. Kageha alikuwa mtu wa kanisa la Roho, ngoma na kanzu nyeupe, na siku nyingine asingeomba msaada hapo. Lakini angemwambiaje mchungaji kwamba anaishi kwa jina la maiti? Akamweleza Idil yote.

Idil akaja, akasoma kwa sauti ya chini chumba hadi chumba, akanyunyiza maji kwenye pembe. Alipofika kitandani akaacha kusoma. Akatoka, akaketi kizingitini.

"Walahi, si Asenath," alisema polepole. "Yule mama nilimjua, alikuwa mtu mzuri, na yeye ameenda kwa Mungu. Hili ni jini. Jina la Asenath lilibaki hapa tupu, hakuna aliyelizika. Unafikiri ni binadamu tu wanaotafuta nyumba Nairobi? Jini likaingia kwenye jina, likakaa. Sasa wewe ukaja ukasema jina ni lako. Mkabadilishana: wewe ukachukua lake, lenyewe likachukua lako."

"Nifanye nini, mama?"

"Umeitikia mara moja, bado unaweza kurudi. Karani akija, simama mbele yake useme Asenath amekufa. Sema jina lako na la baba yako, watu wasikie. Litatoka hapo hapo. Lakini ukiitikia tena, mimi sitakuwa na dua ya kukusaidia. Na jina halitembei peke yake, Mama Triza. Linabeba vitu vyake."

Jioni ile mume na mke walinong'onezana nje, karibu na kamba ya nguo, wakiogopa kutajana.

"Nikisema ukweli tunatolewa," alisema Kageha.

"Najua."

"Turudi Kware?"

Patrobas alifunika uso kwa mikono yake iliyoungua kiwandani, akalia kama mtoto. "Mimi sijui. Nimekuwa mume gani, siwezi kukupa hata ukuta mkavu? Sema ukweli, mke wangu. Nakutaka wewe. Tutalala popote."

Maneno hayo yalimtia Kageha nguvu, na usingizi ukampata. Alipoamka alikuwa ameshaamua. Atasema. La kuvunda halina ubani.

Karani alikuja asubuhi hiyo hiyo, mwisho wa mwezi kama alivyosema, jua limeshapanda. Patrobas alikuwa ametoka kwenda dukani kwa maziwa, kusudi asionekane kabla mkewe hajasema lake. Idil alisimama mlangoni pake, anatazama.

"Asenath Wakiuru?"

Kageha akafungua mdomo. Jina la baba yake lilikuwa tayari ulimini. Lakini nyuma ya karani, uwanjani, Triza alikuwa anakimbiza kuku, anazunguka na kuzunguka, anacheka kwa kifua kizima, mashavu yamejaa, pumzi haikatiki. Kageha akamwona yule mtoto wa Kware, midomo ya buluu, amejikunja gizani akitafuta hewa. Akajiambia jina ni kitu gani? Mama hufa kwa ajili ya mwanawe, seuze jina. Jini na lilichukue. Mradi mtoto apumue.

"Ndiye mimi," akasema.

Idil akageuza uso, akafunga mlango wake.

"Hongera, mama," karani akatabasamu. "Hatukusumbui tena. Nyumba ni yako." Akaenda nyumba ya pili.

Uwanjani Triza alijikwaa akaanguka, akachubuka goti, akaangua kilio. Kageha akachuchumaa, akafungua mikono. "Njoo, mama, njoo." Mtoto akaja mbio akilia, "Mama! Mama!" Akaipita mikono ile kama anayepita mti, akavuka kizingiti, akaingia chumba cha kulala.

"Niko huku, kipenzi," sauti ikambembeleza. "Pole, pole. Nyamaza." Na kilio kikakatika.

Kageha alibaki pale chini, mikono wazi. Alitaka kupiga kelele, aite jina lake, amwambie mtoto, na jina halikuja. Alilitafuta kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Kilichokuja ni harufu ya udongo, na safari hii ilitoka kwenye nguo zake.

Patrobas akarudi na maziwa. Alimwona mwanamke amechuchumaa mlangoni, akapunguza mwendo, akainamisha kichwa kwa heshima anayopewa mama wa watu.

"Habari ya asubuhi, Mama Asenath. Kageha yuko ndani?"

Mwanamke alimtazama mumewe machoni muda mrefu. Ndani, mtoto alikuwa ameanza kucheka.

"Yuko," akamjibu. "Yuko na mtoto. Ingia."