Maji Katika Kinywa cha Delphine

Kitabu kipya hakinuki samaki. Kinanuka wino na gundi, na pengine jasho la mchuuzi aliyekibeba juani tangu asubuhi. Lakini kile ambacho Delphine alikinunua karibu na posta kilinuka samaki mkavu tangu alipokifungua. Badala ya kukirudisha alicheka, akasema muuzaji lazima alikifanya meza ya kulia chakula.

Delphine alifanya kazi uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, kwenye meza ya kupokea abiria na mizigo. Kati ya ndege moja na nyingine kulikuwa na saa tupu, na saa hizo alizijaza kwa riwaya. Hakuwa msomi wa kujidai. Alisoma za mapenzi, za polisi, za ndoa zilizovunjika, chochote chenye jalada la rangi kali. Akimaliza alishika simu, akarekodi sauti yake na kuwatumia rafiki zake, akiwaambia alivyoona. Mwanzo rafiki walikuwa wachache, kisha sauti yake ikaanza kuruka kutoka simu hadi simu, mitaa ya Kenya na Katuba, mpaka miji ya Likasi na Kolwezi, maana ulimi wa Delphine ulikuwa wembe, na watu hupenda wembe ukimnyoa mwingine.

"Hii ya kwanza," alisema mwezi ule, "ni ya mujane mutajiri anapenda dereva wake. Dereva iko na mabega, ndiyo, lakini akili haina hata ya kufungua mulango. Machozi, machozi, paka machozi tu. Nilisinzia mara mbili. Ya pili, polisi anatafuta muuaji. Bandugu! Muuaji nilimujua pale alipoingia na viatu safi siku ya mvua. Mwandishi alizania miye mutoto? Lakini ya tatu, mama yangu, ya tatu sikuiweka chini."

Ya tatu ndiyo ile yenye harufu. Iliitwa *Mke Aliyekula Wanawe*, na aliyeiandika, Faustin Mumba, zamani alikuwa mwalimu kule Pweto, kando ya ziwa Mweru. Ilisimulia habari za mwanamke wa ziwani aitwaye Chilufya, mlozi, aliyewaua watoto wake mmoja baada ya mwingine ili apate nguvu, mpaka mumewe, mtu mwema aliyevumilia mengi, akamsukuma majini na Mungu akambariki.

"Pale banamusukuma mu ziwa," Delphine alisema huku akicheka, "miye nilipiga makofi! Mwanamuke kama ule angekuwa jirani yangu, ningemusukuma mwenyewe, na ningekaa juu ya kichwa yake mpaka mapovu iishe."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Wiki ile kitabu kilitafutwa mjini kama sukari.

Gaëlle, msichana aliyefanya kazi naye meza moja na kumwita yaya, dada mkubwa, ndiye wa kwanza kuuliza.

"Yaya Delphine, ulikuwa na nani wakati ulitengeneza ile odio?"

"Miye peke yangu. Juu ya nini?"

"Sikiliza mwisho yake."

Delphine akaweka simu sikioni. Alisikia kicheko chake mwenyewe, kisha kimya. Kisha tone la maji, na tone lingine. Na chini kabisa, sauti nzito ya mwanamke anayesema huku kinywa kimejaa:

"Rudia."

"Ni bantu banacheza na simu," Delphine alisema. Lakini aliifuta sauti ile haraka.

Jumapili iliyofuata, kanisani, kasisi alipomaliza sala na waumini wakaitikia amina, Delphine alifungua kinywa chake kuitikia, na maji yakatoka. Hayakuwa mate. Yalikuwa maji baridi yenye ladha ya tope na matete, yakamwagika kidevuni na kukilowesha kitenge chake mpya kifuani. Akina mama wa benchi la mbele waligeuka. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Léonard, mumewe, fundi magari mwenye maneno machache, alimshika mkono akamtoa nje kama mgonjwa.

"Umekula nini?"

"Sikula kitu."

"Mbona unanuka samaki, Delphine?"

Mchana ule ule, Léonard akiwa uani akitengeneza pikipiki ya jirani, Delphine aliinama jikoni kuosha sahani katika beseni, na aliposukuma povu kando akaona uso chini ya maji, akadhani ni wake, akatabasamu kidogo kama mtu anavyojitabasamia, lakini ule wa chini haukutabasamu, na nywele zake zilikuwa zimefumuka zinaelea wakati za Delphine zimesukwa, na kabla hajainuka alihisi uzito unakaa kisogoni mwake, uzito wa mtu mzima anayeketi taratibu, bila haraka, kama anavyoketi mwanamke aliyechoka juu ya kigoda chake, ukamshusha, pua ikaingia, macho yakaingia, masikio yakaingia, na ndani ya maji yale machache ya beseni kulikuwa na kina kisicho na mwisho, na mapovu yalikuwa yanatoka kinywani mwake yakipanda, mengi, kisha machache, na sauti ile nzito ikayasindikiza ikisema karibu kabisa na shavu lake, "Mpaka iishe, Delphine. Si ulisema mpaka iishe?"

Léonard alisikia sahani ikivunjika. Alimkuta mkewe amelala kifudifudi, uso ndani ya beseni, mikono inapiga sakafu, na ilimbidi avute kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeng'oa injini.

Wakamwita Mama Mwape, shangazi yake Léonard, mjane anayeuza samaki mkavu wa Pweto katika soko la mtaa wa Kenya. Mama Mwape hakuwa mganga wa kutundika kibao mlangoni. Alikuwa Mkatoliki wa rozari na misa ya alfajiri. Lakini mambo ya kwao ziwani aliyajua. Alisimama kizingitini, akanusa.

"Hii harufu haitoke mu mizigo yangu," alisema polepole. "Delphine, ulitaja jina ya nani?"

"Ya muntu wa mu roman, mu buku tu, mama. Chilufya. Haiko muntu wa kweli."

Mama Mwape aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu bila kukaribishwa.

"Alikuwa muntu," alisema. "Nilinunuaka samaki kwake. Mwanamuke wa kucheka, asiyejua kupunja. Batoto yake balikufa na surua, ule mwaka surua ilibeba batoto ya kila nyumba. Bwana yake, mwalimu Faustin, alikuwa na mwanamuke mwingine. Akasema bibi yake ni mulozi. Alifika na vijana asubuhi, jua inawaka, bantu beko banaangalia. Vijana baliogopa mayi ya ziwa. Ye mwenyewe njo alimushika kichwa mule ndani, mpaka akakufa."

Delphine alimwonyesha jalada la kitabu, penye jina la Faustin Mumba, akakiri alivyokicheka mbele ya watu.

"Nilizania alifunga ile mambo mu roho yake. Kumbe aliiandika! Na jina yake ya kweli. Alimuua mu mayi, akamuua tena mu buku, na weye ukaita bantu bapige makofi." Mama Mwape alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Muntu akikufa na uchungu namna ile, kwetu tunamuita chiwa. Haiko shetani ya kufukuza na mayi ya baraka. Ni muntu anadai haki yake."

"Nifanye nini, mama?"

"Sema ukweli pale ulisema uongo. Umuombe pole kwa jina yake. Lakini sikia vizuri: usimupe mudomo yako. Ukifungulia chiwa mulango na hasira, haitoke tena na ile mulango."

Delphine akashika simu pale pale, machozi yakimtoka, akaanza: "Bandugu, ile roman niliwaambia, Chilufya hakuwa—" Maji yakapanda yakamkaba. Alijaribu tena, yakapanda tena. Mara ya tatu kinywa kilifunguka chenyewe, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Léonard akarudi nyuma hadi ukutani.

"Sitaki pole," kinywa kilisema. "Pole iko ya kuliwa? Nataka huu mudomo. Njo ulinicheka nao."

Mama Mwape alipiga magoti akaomba kwa Kibwile, lugha ya kwao, na kwa Kilatini cha utotoni mwake, akamnyunyizia Delphine unga mweupe mabegani, na sauti ile ikatulia. Lakini haikuondoka. Delphine aliihisi imekaa nyuma ya meno yake, inangoja.

Haikungoja sana.

Ilikuwa adhuhuri, mvua inalipiga paa la ukumbi wa Luano, abiria wa Kinshasa wamepanga mstari. Mwanamume mnene kidogo, suti ya bluu, aliweka sanduku lake juu ya mizani na kumpa Delphine pasipoti. Delphine alisoma jina mara moja. Maji yakamjaa nyuma ya ulimi, nayo yakasimama pale, yakiomba ruhusa.

"Bonjour, papa," alisema kwa shida.

Mwanamume aliinua uso. "Ah! Hii sauti ninaijua! Ni weye, madame wa ile odio! Kila muntu ananiuliza juu yako. Ninaenda Kinshasa sasa, bananialika kuongea juu ya kitabu. Ni sababu ya weye!" Alicheka, akaegemea meza. Alikuwa na meno mazuri. "Ulisema ulipiga makofi pale mwisho."

"Papa Faustin," Delphine alisema, "ule mwanamuke, ulimutoa wapi?"

"Mu kichwa tu, madame."

"Na batoto yake?"

Kitu kilipita machoni mwa yule mtu, kidogo kama kivuli cha ndege. Kisha akatabasamu tena. "Bananiulizaka kama niliogopa kuandika ule mwisho. Madame, kati ya kurasa zote, ile njo niliandika nikicheka."

Delphine aliyakumbuka maneno ya Mama Mwape. Aliyakumbuka yote, neno kwa neno. Baadaye alikiri hivyo kwa mumewe. Angeweza kufunga kinywa, kumpa tiketi yake, kumwachia Mungu. Lakini aliyatazama yale meno mazuri, akamwona mwanamke wa kucheka, asiyejua kupunja, kichwa chake kimeshikwa chini ya maji asubuhi ya jua huku watu wakitazama. Akakumbuka pia kicheko chake mwenyewe. Hasira ikampanda kutoka tumboni, tamu kama asali, akafungua kinywa kwa hiari yake.

"Bashi Mwansa," sauti nzito ilisema.

Baba wa Mwansa. Ndivyo wanawake wa ziwani wanavyowaita waume zao, kwa jina la mtoto wa kwanza. Ndani ya riwaya hakukuwa na Mwansa. Jina lile lilikuwa kaburini pamoja na mwenye nalo.

Faustin Mumba aliachia meza.

"Bashi Mwansa, mbona unaenda safari bila kuniaga? Nimekuja na miguu toka Pweto. Tazama, bado nimelowa."

"Tais-toi," alinong'ona. "Nyamaza. Nyamaza! Nani alikuambia ile jina?"

"Batoto yako banakuuliza. Banasema, papa alisema mama alitukula, na sisi tulikufa mikononi mwake akituimbia. Banataka kusikia unasoma ile buku. Kuya ubasomee."

Alitaka kukimbia. Gaëlle alimwona akigeuka, mguu mmoja hewani, kisha akasimama kama aliyekamatwa nywele kwa nyuma, kichwa kikashuka, kidevu kikagusa kifua, na akaanza kupiga hewa kwa mikono yake miwili kama mtu aliye ndani ya maji mengi, pale pale kwenye sakafu kavu, mbele ya mstari wa watu wenye mabegi na watoto, na kinywani na puani mwake yakatoka maji ya kijani, yakitiririka juu ya suti ya bluu, yakaenda hadi kwenye viatu vya abiria, huku watu wakipiga kelele na mlinzi mmoja akijaribu kumwinua kichwa na kichwa kikigoma kuinuka, na Delphine amesimama nyuma ya meza, wima, mikono imetulia, akitazama mapovu yakiisha.

Daktari aliyeitwa alisema moyo ulisimama. Hakusema lolote juu ya samaki wadogo wadogo waliopatikana kwenye kola ya shati, chisense, wale wa ziwa Mweru, ambao walikuwa bado wanarukaruka.

Mama Mwape alikuja siku ya pili. Alimpeleka Delphine ukingoni mwa mto, akamwosha kwa majani, akamwaga unga majini, akamwambia Chilufya kwamba haki yake ameipata, arudi sasa akalale na wanawe. Hewa ilitulia. Harufu ya samaki ikakatika ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Delphine alisema "Amina," na kinywa chake kilikuwa kikavu. Léonard alilia kama mtoto.

Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Delphine alitoa sauti mpya, akawaambia watu ukweli juu ya mwanamke wa Pweto, na wengi wakalia, na wengine wakachoma vitabu vyao. Alipona, au ndivyo walivyosema.

Miezi ilipita kabla hajanunua riwaya nyingine. Ilikuwa ya mapenzi, nyepesi, habari za msichana wa mjini aliyedanganywa na wanaume, akafukuzwa, akafa peke yake hospitali, na mwandishi alionekana kufurahia kila pigo alilompa. Delphine aliisoma mchana, kitini, uani, jua zuri, Léonard akipiga mluzi karibu. Alipofika mwisho alitikisa kichwa.

"Mwandishi huyu naye," alisema peke yake, "alimutesa mutoto ya bantu bure."

Na ulimi wake, bila yeye kuutuma, ukaongeza polepole, kwa sauti nzito ya mtu asiye na haraka:

"Anakaa fasi gani?"

Delphine alijua. Mwandishi alikuwa wa hapa hapa Lubumbashi. Walikuwa wamesoma darasa moja. Alitupa kitabu chini, akakiziba kinywa kwa mikono miwili, akakibana hadi meno yakaumiza midomo. Nyuma ya viganja vyake, kinywa kiliendelea kusema. Kilitaja avenue anayokaa mwandishi. Kilitaja rangi ya mlango.