Watazamaji Wanamtaka Apolline

Ni nani aliyewapa watu wasiokujua ruhusa ya kukuchagulia mpenzi? Mwandishi wa hadithi hii amelizungusha swali hilo kichwani kwa muda mrefu, na angali hajapata jibu la kumtosha. Anachokijua ni jinsi mambo yalivyoanza, nayo yalianza kwa kidole gumba.

Ilikuwa Jumapili ya Aprili, sokoni kando ya mto Saône, saa ambayo Lyon nzima huonekana imeshuka na vikapu. Kuku walizunguka motoni wakidondosha mafuta juu ya viazi, na maua ya kwanza ya majira yalikuwa bado na umande. Nyuma ya meza ya jibini alisimama Solène Perrachon, amevaa aproni ya buluu juu ya sweta la kijivu, nywele zake za rangi ya shaba amezifunga kitambaa, alipomwona kijana mrefu akibonyeza jibini moja baada ya jingine kama anayetafuta kengele ya mlango.

"Kaka," alimwambia, "hapa anayebonyeza ni mimi."

"Nataka kujua kama limeiva."

"Basi uliza. Utalila lini?"

"Leo."

"Mchana au jioni?"

"Kwani kuna tofauti?"

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alitikisa kichwa kana kwamba ametukaniwa mama.

"Unafanya kazi gani wewe?" Solène aliuliza.

"Mimi ni mpishi."

"Maskini wateja wako."

"Tofauti naijua, bibie," kijana alisema, sasa akitabasamu. "Jumapili iliyopita ulimgombeza mtu kwa kosa hilihili, nikamwonea wivu. Nikasema na mimi lazima nigombezwe."

Hivyo ndivyo Corentin Vuillermoz, mwenye mkahawa mdogo juu ya kilima cha Croix-Rousse, alivyoingia katika maisha ya muuza jibini. Kiangazi chote walikuwa wakikaa kwenye ngazi za mtoni baada ya kazi, viatu wamevua, wakilishana cheri na kushindana kutema mbegu mbali. Corentin alimwita "sungura wangu".

"Sungura ni mjanja," Solène alimwonya.

"Ndiyo maana silali usingizi."

Septemba Corentin alimletea habari. Alikuwa amechaguliwa kushiriki *Meza ya Mabingwa*, kipindi cha televisheni ambacho wapishi wa Ufaransa hupambana mbele ya majaji na nchi nzima hutoa maoni. Kingerekodiwa Paris wakati wa vuli na kuonyeshwa majira ya baridi. Na hadi sehemu ya mwisho ionyeshwe, mshiriki hakuruhusiwa kusema neno lolote juu ya yaliyotokea ndani.

"Hata kwangu?"

"Hata kwako. Na hasa mama yako asijue kitu."

Solène hakuweza kubisha. Mama Ghislaine, mjane wa fundi viatu, alikuwa mwanamke mwema. Lakini neno aliloambiwa asubuhi lilikuwa limevuka mito yote miwili ya Lyon kabla ya chakula cha mchana. Isitoshe, alikuwa mtoa maoni mashuhuri wa kipindi hicho. Kila Jumatano aliiandikia stesheni, na mara kadhaa maneno yake yalisomwa hewani kwa jina la "Ghislaine wa Lyon", naye akatembea mtaani wiki nzima kama diwani. Basi Solène akaona heri amfiche Corentin mpaka siku ya kwanza ya kipindi. Siku hiyo angenyoosha kidole kwenye kioo na kusema: yule pale, mama, ni wangu.

Siku hiyo ilifika Januari. Sebule ya Mama Ghislaine ilikuwa na joto la supu ya vitunguu. Mwenyewe alikaa katikati na ndala zake za mahameli, miwani ikining'inia shingoni. Kulia kwake Bwana Firmin wa ghorofa ya chini, kushoto Bi Huguette na ufumaji wake. Wapishi wakaingia kwenye kioo na makoti meupe. Solène akamwona Corentin wake kati yao. Alifungua kinywa.

Wakati uleule mpishi mmoja wa kike kutoka Bretagne, Apolline Chastagnier, mwenye hereni za lulu na shingo ndefu, alichovya kijiko katika mchuzi wake na kumpelekea Corentin mdomoni. Corentin akafumba macho. Akameza. Akamnong'oneza kitu sikioni, na Apolline akamtazama kama mtu aliyetolewa majini.

"Hawa wawili," alisema Mama Ghislaine, akivaa miwani, "wanapendana."

"Wamezama kabisa," Bi Huguette aliunga mkono.

"Labda anaonja tu, mama," Solène alisema.

"Mwanangu, mimi niliishi na mume miaka mingi. Kuonja nakujua, na kupenda nakujua. Nipe simu yangu niandike."

Wiki iliyofuata nchi nzima iliona alichoona Mama Ghislaine. Maoni yalipita chini ya kioo kama mvua. Mama mmoja wa Marseille alisema hajali nani atashinda, mradi waoane. Mwalimu wa Lille alilalamika kwamba mumewe hajawahi kumtazama hivyo, hata siku ya harusi. Mwingine akasema majaji wanaodai mchuzi ulizidi chumvi hawana moyo. Kijiko kilirudi kila Jumatano, na waliotengeneza kipindi walihakikisha kila mara kinaonekana kwa ukaribu, polepole, na kinanda nyuma yake.

Solène aliketi kati ya ndala za mama yake na sindano za Bi Huguette, akamsikiliza mpenzi wake akiozeshwa. Angesema nini? Jumatano ya kwanza angeaminiwa. Ya tatu angeonekana mwenye wivu. Ya tano angeonekana mwendawazimu.

Alimpigia simu Corentin.

"Niambie kijiko kile ni nini."

Upande wa pili palisikika sufuria, kisha mlango ukifungwa.

"Siwezi, sungura wangu."

"Mkataba."

"Mkataba, na zaidi ya mkataba. Nimempa mtu neno langu."

"Mtu huyo ana hereni za lulu?"

"Solène."

"Jibu dogo tu. Unampenda?"

"Nakupenda wewe."

"Basi sema hadharani kwamba hakuna kitu kati yenu. Magazeti yanakuuliza kila siku, nawe unacheka tu kama bwana harusi."

"Wenye kipindi wametuomba tusikanushe wala tusikubali mpaka kipindi kiishe. Nivumilie. Zimebaki Jumatano chache."

"Wewe unazihesabu kwa kalenda, Corentin. Mimi nazihesabu kwenye sofa la mama yangu. Juzi ameandika mnapaswa kuzaa mapacha."

Corentin alicheka bila kutaka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Solène alikata simu. Alipopigiwa tena hakupokea, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Jioni moja Corentin alikuja hadi mtaani kwake, akasimama kando ya duka la mikate. Wapita njia wawili wakamtambua na kumwuliza Apolline hajambo. Solène aliyaona yote kutoka dirishani, akashusha pazia. Corentin akaondoka na mkate ambao hakuwa na haja nao.

Jumapili moja ya Machi, mwenye hereni za lulu alitokea sokoni.

Alikuwa amevalia koti refu la rangi ya haradali na buti za kahawia, na nyuma yake ulimfuata mkia wa watu wenye simu. "Bibi harusi, lini?" "Kijiko umekiacha wapi, dada?" "Mwambie Corentin asituchezee." Apolline aliwajibu wote kwa upole, lakini alikuwa akija moja kwa moja kwenye meza ya jibini. Akasimama mbele ya Solène, akafungua mdomo, akawatazama watu waliomzunguka, akaufunga.

"Nataka jibini," alisema mwishowe. "Nichagulie wewe."

Hapa shetani alimpitia Solène. Chini ya meza palikuwa na jibini la Époisses lililokwisha kuharibika, alilolitenga ili likatupwe. Harufu yake ilikuwa imevuka uvundo na kuanza kuchoma macho. Akalitoa na kifuniko chake cha mbao, akalifunua.

"Hili hapa. Mpishi kama wewe hahitaji kushauriwa. Linuse mwenyewe."

Waliokuwa karibu walirudi nyuma, mkono puani. Apolline alilipokea, akaliinua hadi usoni, akavuta pumzi ndefu na kufumba macho kama wafanyavyo wenye ujuzi.

"Zuri sana," alisema. "Nifungie hili."

Watu wakaangua kicheko wakidhani ni mzaha. Apolline akacheka pia, ila amechelewa. Macho yake yalikimbia kutoka uso hadi uso, yakitafuta kwa watu habari ambayo pua haikumpa. Na Solène, ambaye tangu utotoni aliishi kwa pua yake, alinyoosha mkono akalifunika lile jibini. Kichwani akamwona tena Corentin akifumba macho. Akauona mnong'ono. Kijiko chote akakielewa.

"Umenikamata," Solène alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nilitaka kukutania, nawe umenitania zaidi. Njoo nyuma huku nikupe zuri la kweli."

Kati ya makreti, chini ya turubai, waliinama kana kwamba wanatafuta kitu.

"Tangu lini?" Solène alinong'ona.

"Tangu homa ya kiangazi. Ulimi wangu unajua chumvi na sukari, basi. Mengine ni ukuta."

"Na yeye anakuonjea."

"Alinigundua siku ya kwanza. Nilimsihi asimwambie mtu yeyote, nami sikujua kwamba huyo 'mtu yeyote' ni wewe. Nimeona jinsi alivyokonda, nikamlazimisha aniambie kisa. Nimekuja kukwambia." Alifuta macho kwa mkono wa koti. "Ila wakijua watu kabla pua haijarudi, nani atanipa jiko? Mpishi asiyenusa. Madaktari wanasema itarudi. Labda."

"Usilie hapa. Watasema tumekugombania."

"Utanificha?"

Solène alimtazama mwanamke aliyemchukia tangu Januari, na hakuona mahali pa kuiweka chuki ile. "Shika hili," alisema, akimwekea mkononi jibini la Saint-Marcellin. "La jioni. Ukiulizwa, sema linanukia uyoga na maziwa."

Mchana huohuo alipiga simu. Ililia mara moja tu.

"Usiseme kitu," alimwambia Corentin. "Sikuulizi. Nimejua mwenyewe."

Corentin alisikika akivuta pumzi kama aliyepanda kilima kizima mbio.

"Kaka mpishi, unalia?"

"Nakata vitunguu."

"Leo mmefunga."

"Basi nalia. Nisamehe. Nilikuona unaumia, nikawa na mikono miwili isiyofaa kitu."

"Nami nikamnusisha mwenzangu uozo mbele za watu. Tumelingana."

"Solène, ukijitokeza watakurarua. Watakuita mwizi wa bwana harusi. Na hatutaweza kujitetea, kwa sababu utetezi wenyewe ni siri ya mtu."

"Najua."

"Kipindi kikiisha wakaniuliza kijiko kilikuwa nini, nitanyamaza vilevile. Pengine maisha yote."

"Najua, nimekwambia. Una swali lingine?"

"Ninalo." Sauti yake ikashuka. "Utanikubali niwe mumeo?"

Kengele za makanisa ya ng'ambo zilikuwa zikilia, na Solène aliziacha zimalize.

"Jibu utalisikia kwa watu," alisema. "Mama yangu yupo kwa ajili hiyo."

Jumatano ya mwisho ilipofika, Corentin na wenzake walikuwa wameitwa studio Paris, ambako matokeo yaliyofungiwa tangu vuli yangetangazwa. Sebule ya Mama Ghislaine ilijaa mpaka mlangoni. Kulikuwa na soseji, mkate, mvinyo wa Beaujolais, na Bi Huguette alikuwa ameleta soksi mbili ndogo sana alizokwisha kuzifuma. Solène alivaa gauni lake la kijani la shingo ya mraba, ambalo hakuwa amelivaa tangu kiangazi.

"Umependeza leo," Bwana Firmin alimwambia. "Kuna nini?"

"Kipindi, Bwana Firmin."

Kwenye kioo mashindano yalifikia mchuzi wa mwisho. Apolline akachovya kijiko. Kinanda kikaanza. Corentin akafumba macho, na sebule nzima ikahema kwa pamoja. Solène peke yake aliyaona macho ya Apolline yakiusoma uso wa Corentin. Hakuwa na uwezo wa kuwageuza watu hawa. Aliwapenda, na walikuwa wamekosea, na ukweli ambao ungewasahihisha haukuwa mali yake.

"Naandika," Mama Ghislaine alitangaza, simu mkononi. "'Mpendwa Corentin, usiwe mwoga. Mwoe Apolline wa watu.' Nimalizie vipi? Nani ana neno zuri?"

"Mwambie akichelewa atanyang'anywa," Bi Huguette alishauri.

"Mama," Solène alisema, "weka simu chini kidogo."

"Ngoja matangazo."

"Sasa, mama."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile, kwani Bwana Firmin alipunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa. Solène alisimama kati yao na kioo. Akaishikanisha mikono yake.

"Corentin ni mpenzi wangu tangu mwaka jana, kabla hajakanyaga studio. Nilikuficha, mama, na kwa hilo naomba radhi. Ameniomba tuoane, na mimi nimekubali. Tutafunga ndoa mwezi wa Juni, katika ofisi ya meya ya mtaa huu, na wote mliomo humu mmealikwa, Apolline pia. Mtaniuliza kile kijiko kilikuwa cha nini. Hilo sitamwambia mtu, leo wala siku nyingine."