Keki ya Harusi Niliyowatumia Kisiwani

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa Doha. Niiteni Mwanaidi. Hasira hii nimekaa nayo kifuani miezi minane bila kuimwaga popote. Leo naimwaga hapa mbele yenu, wasomaji wenzangu. Atakayecheka na acheke...

Nafanya kazi katika hoteli moja ya ghorofa nyingi huku West Bay. Wakati mambo haya yanatokea nilikuwa dawati la wageni, sisi tunaowapangia watalii waende wapi, waone nini na wale nini. Huyu nampeleka jangwani kwenye milima ya mchanga, yule nampeleka The Pearl akatembee kando ya boti za matajiri. Nimewapangia watu likizo mpaka basi! Likizo yangu mwenyewe ilikuwa kwenda Tanga kila baada ya miaka miwili, nikalale kwa mama, nirudi.

Nilikuwa na mchumba, Shabani, mtu wa Tabora, dereva wa hoteli hiyo hiyo. Mpole, mcheshi, ila ana ugonjwa mmoja: hajui kumwambia mtu hapana. Posa ilikuwa imejibiwa, mahari imepokewa, tulisubiri likizo tu tukafunge ndoa.

Na nilikuwa na shoga yangu, Zuhura wa Morogoro, mhudumu wa mgahawa hapo hapo kazini. Tulilala chumba kimoja katika nyumba ya wafanyakazi kwa miaka minne. Akiumwa namchemshia uji. Nikilia ananifuta machozi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

Kampuni yetu ina hoteli nyingine katika kisiwa kimoja cha Karibiani, sitakitaja maana hata jina lake linanichefua. Kila mwaka mfanyakazi bora hupelekwa kule wiki nzima na huruhusiwa kwenda na mtu mmoja. Mwaka huo jina lililosomwa lilikuwa langu! Aliyenifuata kwa kura alikuwa Zuhura. Alinikumbatia akalia kuliko mimi mwenyewe.

Yale machozi... leo nayajua yalikuwa ya nini.

Nilimwandika Shabani kuwa mwenzangu wa safari. Kwa kuwa tulikuwa hatujaoana, niliomba kwa maandishi tupewe vyumba viwili. Mimi ni mtoto wa watu, baba yangu yu hai.

Halafu nikakaa kupanga ratiba, kazi ninayoijua kuliko kupika. Nilisoma kila kitu kuhusu kile kisiwa. Siku ya kwanza, kuogelea na kasa asubuhi kabla boti za wageni hazijajaa. Siku ya pili, shamba la kakao, ambako wageni hupanda juu ya punje zilizoanikwa wakazisugua kwa miguu huku wakicheza ngoma. Siku ya tatu, matope ya moto ya volkano: mnapakana mwili mzima, mnasubiri yakauke, mnajisuuza kwenye maporomoko ya maji. Siku ya nne, boti ya sakafu ya kioo, mkae tu mtazame samaki wakipita chini ya miguu yenu. Ijumaa, mtaa mzima unachoma samaki na kupiga ngoma za mapipa ya chuma, na shelisheli za kuchoma pembeni kama nyumbani. Niliandika mpaka mahali pa kununua kungumanga za kumpelekea mama mkwe.

Wiki ile nzima nilikuwa mjinga mwenye furaha.

Pasipoti yangu ilikuwa inaelekea kuisha, hivyo nilikuwa nimeomba mpya. Picha nilishapigwa, vidole nilishaweka, kilichobaki ni kwenda ubalozini kuichukua. Lakini hoteli ilijaa wageni wa mkutano, na sisi wa dawati tukafutiwa off zote, siku zetu za mapumziko. Zuhura wa mgahawani off yake alikuwa nayo. Akaniambia, "Niandikie barua shoga, nikuchukulie mimi. Mimi na wewe tuna tofauti gani?"

Nikaandika.

Alirudi mikono mitupu. "Wanasema bado, haijafika kutoka Dar." Wiki iliyofuata, bado. Siku ya mwisho ya kukata tiketi ikafika, na meneja wa utumishi akanifungia faili mbele yangu. "Khalas, basi tena, Mwanaidi. Bila pasipoti hakuna tiketi. Nafasi inakwenda kwa aliyekufuata."

Aliyenifuata ni nani? Si mlishamsikia?

Tiketi ya Shabani ilikuwa imeshatoka, na haikuwezekana kubadilishwa jina. Naomba mnielewe vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapojiuma vidole. Shabani alikuja akaniambia haendi. Mimi ndiye niliyemlazimisha! Nilimwambia, "Nenda, tiketi isiharibike bure. Nipigie picha kila mahali, na unitunzie shoga yangu." Nikamkabidhi ratiba yangu, kurasa saba.

Waliondoka Alhamisi. Jumapili nikapata off yangu ya kwanza, nikaenda ubalozini mwenyewe. Mama wa dirishani alifungua daftari, akaniangalia, akalifunga, akalifungua tena. "Mbona ilishachukuliwa, mwanangu? Wiki ya tatu hii." Akanigeuzia nione sahihi. Zuhura...

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka niliazima nyundo kwa fundi wa jengo, nikavunja kufuli la kabati la Zuhura. Pasipoti yangu ilikuwa ndani ya soksi, mpya, inanukia gundi. Alikuwa ameilaza hapo, hatua tatu kutoka kitandani kwangu, akawa ananiamkia kila asubuhi!

Nikiwa bado nimekaa sakafuni nikafungua simu. Zuhura alikuwa ameweka picha. Yeye na Shabani na kasa. Yeye na Shabani juu ya kakao, wameshikana mikono wanacheza. Yeye amepakwa matope mgongoni, na mkono unaompaka naujua, una kovu nililolifunga bandeji mimi. Chini yake ameandika: "Aliyepewa kapewa."

Wasomaji wenzangu, mngefanya nini?

Mtu mwenye akili angechukua ile pasipoti na lile kufuli akampelekea meneja siku hiyo hiyo. Mimi sikutaka haki. Nilitaka waumbuke! Nilitaka wazikwe wakiwa hai na watu wao waje kutazama.

Jumatatu asubuhi nikakaa dawatini, nikafungua barua pepe ya kazi, nikamwandikia dada wa dawati la wageni la hoteli ya kule. Nikamwambia wale wageni wetu wawili wameoana juzi tu ila wanaona haya kusema. Tafadhali wafanyieni jambo la kuwashtua: keki, mashada ya maua, waimbieni mbele ya wageni wote, na picha mnitumie. Nikaweka na maneno ya kuandika juu ya keki: "Hongera Bwana na Bibi Shabani."

Nilipobonyeza kutuma, mwili wote ulinisisimka kwa raha. Nisiwafiche. Ilikuwa raha.

Jumatano picha zikafika, kumi na nne. Oo, walipendeza! Zuhura ana taji la maua, Shabani ameduwaa na kisu cha keki mkononi, watu wazima wa Kizungu wanawapigia makofi. Katika moja Zuhura anamlisha keki. Chini ya picha kulikuwa na maelezo marefu, sikuyasoma. Nani ana haja ya maelezo? Nilikimbilia picha.

Nikazituma kwa baba yake Zuhura, mwalimu wa madrasa anayeheshimika mtaa mzima. Nikazituma kwa mama yake Shabani, Tabora. Nikazituma kwenye kundi la Watanzania wa Doha. Nikaandika, "Karibuni mwone harusi ya shoga yangu na mchumba wangu." Mchana huo nilikula biriani sahani mbili.

Simu zikamiminika. Mama Shabani alilia mpaka sauti ikakauka. Mwalimu hakulia, aliniuliza neno moja tu: "Binti, hizi picha ni za kweli?" Nikamwambia ni za kweli, mzee wangu, na si mimi niliyezipiga. Shabani alinipigia mara nyingi. "Mwana, hebu nisikilize kwanza..." Nikamkatia, nikaifungia na namba yake.

Nilisubiri kusikia wamelaaniwa. Kwa siku tatu nikasubiri, nikijichekea mwenyewe ndani ya lifti.

Lakini wazee wana akili zao. Mwalimu alimtafuta mama Shabani kwa simu. Binti ameonekana na mwanamume, ana maua kichwani, keki imekatwa, dunia nzima imeona. Mtafanyaje? Kulaani hakuondoi picha. Aibu hufunikwa, na wao waliifunika kwa njia waliyoijua. Mahari yangu ikaamuliwa irudishwe kwa Shabani, na hao wawili waozeshwe mara wakitua Doha.

Shabani alinikuta kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, siku ya pili baada ya kurudi. Alikuwa amekonda kwa wiki moja. Nikamtemea kila neno nililokuwa nimeliweka akiba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akauliza. "Kucheza nilicheza. Matope nilimpaka, aliniomba, nikaona ni mchezo. Hapo nimekosa, nipige. Lakini tulikuwa vyumba viwili, Mwana. Mpaka siku ile ya keki."

"Unanidanganya!"

"Watu wa hoteli wakatubebea mabegi. Wakasema ni zawadi ya maharusi, mmehamishwa, vile vyumba vyenu vimeshapewa wageni wengine. Zuhura akasema tusiwaaibishe wenyeji. Mimi... nilinyamaza."

Nilifungua simu pale pale, nikaitafuta ile barua iliyokuja na picha. Nikaisoma kwa mara ya kwanza. Dada wa kule ameandika kwa furaha kwamba, kama ilivyo desturi kwa maharusi, wamewatoa katika vyumba viwili walivyoandikiwa kimakosa na kuwaweka pamoja katika chumba cha fungate chenye kutazama bahari. Amemaliza kwa kunishukuru kwa moyo wangu mzuri.

Miaka sita niko hotelini! Sisi wenyewe hapa mgeni akisema ni harusi mpya, kabla hajamaliza sentensi tumeshambadilishia chumba. Kazi yangu mwenyewe! Ningekosaje kulijua hilo?

Ndiyo, najua mnachotaka kusema. Shabani angekataa. Angelala kwenye kiti, angelala ufukweni na kaa. Nami nasema hivyo hivyo kila siku, na ndiyo maana sijamsamehe.

Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa mzee mmoja wa Kitanzania kule Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Siku iliyotangulia Zuhura alikuja chumbani kuchukua nguo zake. Nilimwonyesha pasipoti. Nilidhani ataanguka. Alikaa kwenye kitanda chake, akakunja kanga moja baada ya nyingine bila haraka.

"Nilikuibia safari," akasema. "Hilo nakubali, na Mungu atanihukumu. Nilitaka kuona dunia mara moja katika maisha yangu, basi. Lakini mume sikukuibia, shoga. Umenipa wewe."

Nikamfungulia mlango atoke na kanga zake.

Nilipeleka pasipoti kwa meneja baada ya hapo. Naye alinitolea barua yangu ya uongo, iliyotoka kwenye anwani ya kazi. Aliniuliza amwamini mwongo yupi kati yetu wawili. Nikapewa onyo, nikatolewa dawatini, sasa niko chumba cha kufulia. Mashuka ya maharusi yanapita mikononi mwangu kila wiki.

Msiniulize kama nimepoa. Sijapoa. Nikimwona Zuhura kwenye korido na tumbo lake la miezi mitano, mkono unaniwasha. Lakini wewe dada unayesoma haya, uliyegundua leo kwamba umesalitiwa, na umeshaanza kutunga mtego... nakuomba, weka simu chini. Kama una ushahidi, upeleke mchana kweupe kwa mwenye kuhusika, useme yaliyotokea kama yalivyotokea, usiongeze hata neno. Muulize mwenzako usoni kabla hujawauliza wazazi wake. Utalia, lakini utalia ukiwa na haki yako mkononi.

Mimi haki nilikuwa nayo Jumapili moja nzima. Kufikia Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshaigawa.